Mpango wa kijiji unakwama wapi?

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida, au ukichepuka kuelekea Mvumi, utayaona maboma: ya madarasa, ya zahanati, ya nyumba za walimu. Kuta zimefika kwenye lenta, ndani vichaka vimeota. Ukiuliza, mmoja atakwambia serikali haijaleta bati. Mwingine atakwambia watu wa hapa wamegoma kuchangia. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini yanaruka swali lenyewe: ilikuwaje ujenzi ukaanza bila mtu kujua nani ataumaliza?

Dodoma haijawahi kupungukiwa mipango. TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, iko hapa, Bunge linapitisha bajeti hapa kila mwaka kabla ya Julai, na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, nacho kiko hapa hapa. Na kijijini, iwe Kwa Mtoro kule Chemba au Kibakwe kule Mpwapwa, mtendaji akifungua kabati atakutolea faili la mpango. Kinacholegalega ni kile kipande cha kati, baada ya watu kupiga makofi mkutanoni na kabla ya jiwe la kwanza kubebwa.

Kabla ya kulaumu, tuitazame sheria, maana wengi hudhani kazi ya kijiji ni kuomba tu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inakifanya kijiji kilichosajiliwa kuwa chombo kamili: kinamiliki mali, kinaingia mikataba, kinashtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndio wenye kauli ya juu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatekeleza kwa kutumia kamati zake, ile ya fedha na mipango ikiwa ndiyo yenye mzigo mkubwa. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu. Mpango ukishapita unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wilayani, na ukibahatika unaingia kwenye bajeti.

Hapo kwenye kupanda ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vimekuwa vikipanga kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao nia yake ni nzuri: wananchi wakae, wataje walichonacho kwanza, kisha vinavyowakwaza, kisha wapange. Ila watu si wajinga. Wakijua karatasi inakwenda wilayani, wataandika yale ambayo wilaya inaweza kuyatoa. Fursa zinatajwa asubuhi, mchana zimesahaulika, na jioni mpango umekuwa orodha ya mahitaji: kisima, zahanati, daraja, umeme, maabara. TAMISEMI yenyewe iliuona udhaifu huo, na ikishirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, iliuboresha utaratibu ili uanzie kwenye jitihada ambazo jamii imekwisha kuzianza, serikali ije kuziunga mkono. Ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyosikika. Lakini mazoea ya orodha hayaondoki kwa waraka.

Chukua faili la kijiji chochote usome. Utakuta mistari ya aina mbili imechanganywa humo: tunachoomba wengine watufanyie, na tunachoahidi kufanya wenyewe. Yote imeandikwa kwa sauti moja. “Kuboresha upatikanaji wa maji.” “Kuhamasisha jamii kushiriki ujenzi wa darasa.” Nani aboreshe? Nani ahamasishe, lini, kwa kutumia nini? Sentensi haina mwenyewe, kwa hiyo robo mwaka ikipita hakuna wa kuulizwa. Kazi ya kwanza ya yeyote anayetaka kukisaidia kijiji, awe diwani, ofisa maendeleo ya jamii au mzaliwa wa hapo anayeishi Dar es Salaam, ni kukaa na kamati na kuitenganisha mistari hiyo kwenye karatasi mbili. Ile ya maombi iende wilayani na ifuatiliwe. Ile ya ahadi ibaki kijijini, na ndiyo ibandikwe ukutani.

Utasikia mara nyingi kwamba kiini cha yote ni uvivu, kwamba watu hawana tena moyo wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea. Siikubali hoja hiyo. Angalia watu hao hao Jumatano saa kumi jioni kwenye VICOBA yao, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Kila mwanachama ananunua hisa mbele ya wenzake, inagongwa muhuri kwenye kitabu chake, na mchelewaji anatoa faini hapo hapo bila kununa sana. Mwisho wa mwaka wanavunja, kila mtu anaondoka na chake. Mama aliyekosa mikutano mitatu ya kijiji mfululizo hajakosa hata wiki moja ya kikundi.

Tofauti ni kwamba kwenye kikundi anajua kiasi anachodaiwa, anajua siku, anamwona jirani yake akitoa naye, na anaiona hela ilipo. Kwenye mpango wa kijiji hajui lolote kati ya hayo. Anaitwa kwa spika aende kwenye “shughuli ya maendeleo”, akifika anakuta watu saba, fundi hajaja, na majembe hayatoshi. Siku ya pili haendi. Mtu hukubali kutoa jasho lake akiona wengine nao wametoa la kwao. Akihisi ni yeye na wachache wanaobebeshwa, anakaa nyumbani, na hapo hajakosea hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa mjini hulipita haraka mno: msimu. Kanda ya kati ina masika moja tu. Mvua huanza Desemba hivi na kukata Aprili, kiasi cha milimita 500 au 600 kwa mwaka mzuri, na miaka mingine haifiki huko. Novemba watu wanasafisha mashamba, Januari na Februari wanapalilia mtama, uwele, alizeti na karanga, na miezi hiyo ndiyo akiba ya chakula inapokuwa imeisha, kwa hiyo baba yuko kibaruani. Mei na Juni ni mavuno. Nguvu za watu zinapatikana Julai hadi Oktoba, na ndipo pia alizeti ikiuzwa panakuwa na shilingi mfukoni.

Sasa linganisha na kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini fedha za mradi hazifiki siku hiyo. Zinaweza kufika Novemba au Februari, wakati kijiji kizima kiko shambani. Maagizo yanakuja: mradi ukamilike ndani ya siku kadhaa, wananchi washirikishwe. Mtendaji anapita nyumba kwa nyumba na mgambo, watu wanakasirika, na ripoti inaandikwa kwamba mwitikio ni hafifu. Kijiji chenye akili kinafanya kazi yake ya mawe na mchanga wakati wa kiangazi, hata kama hela ya bati haijaonekana, ili ikija ikute vifaa viko eneo la ujenzi.

Lakini hata hapo pana mtego, na ndiyo maana nataka tukae kidogo na kitu kimoja. Tuseme kijiji chenye vitongoji vinne kimeamua kujenga chumba kimoja cha darasa. Mahitaji yanagawanyika yenyewe: mawe ya msingi, mchanga, kokoto na maji vinapatikana kijijini, saruji, nondo, mbao na bati vinahitaji fedha, fundi yuko katikati, maana anaishi kijijini lakini hali mawe, lazima alipwe.

Mchanga uko korongoni, na korongo linapitika kabla ya mvua tu. Kuubeba kunahitaji trekta. Trekta liko moja, mwenyewe yuko tayari kulitoa, ila dizeli si juu yake. Kwa hiyo “wananchi watachangia mchanga” kwa kweli maana yake ni: vijana wa kupakia, siku mbili, dizeli ya safari kadhaa, na mtu wa kuinunua hiyo dizeli. Ikiwa fedha ya dizeli haijatengwa, mchanga haupo, hata kama mkutano mzima umenyoosha mikono.

Maji nayo ni mazito zaidi. Zege na kumwagilia ukuta kunataka mapipa mengi, na Septemba ndio mwezi ambao foleni ya kisima inaanza alfajiri. Mpango ukisema “wananchi watachangia maji”, anayeongezewa kazi ni mwanamke, ambaye tayari ameamka saa kumi usiku kwa ajili ya madumu yake mawili. Kwenye mkutano aliyependekeza jambo hilo kwa kawaida ni mwanamume. Njia iliyo ya haki ni kuikabidhi kazi ya maji kwa wenye mikokoteni ya ng'ombe na punda, kisha wasamehewe mchango wa fedha. Ukiwauliza wanawake wenyewe kabla ya mkutano, kwenye vikundi vyao, watakupa mpango huo ndani ya dakika tano. Ukiwauliza mkutanoni, mbele ya wazee, huenda wakanyamaza.

Baada ya mazungumzo ya namna hiyo, ule mstari wa “kuhamasisha jamii” unabadilika kuwa maneno yanayoshikika: kitongoji cha juu kitaleta mawe ya msingi kabla ya Nanenane, cha bondeni kitapakia mchanga Jumanne na Alhamisi ya wiki inayofuata, dizeli itanunuliwa na mweka hazina kutoka ushuru wa mnada, wenye mikokoteni wataleta maji siku ya kumwaga zege, msimamizi wa kila kazi ni mwenyekiti wa kitongoji husika, wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga wamesamehewa, na majina yao yamesomwa ili kusiwe na manung'uniko. Ratiba hiyo inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. (Na siku za kazi zisiangukie siku ya mnada. Hilo nalo limevunja mikutano mingi kuliko siasa.)

Siasa zipo, bila shaka. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 2024 kwa tiketi za vyama, na aliyeshindwa hana hamu ya kuona boma la mshindi likipauliwa. Dawa ninayoiona inafaa ni kumpa aliyeshindwa nafasi kwenye kamati ya ujenzi, hasa ile ya mapokezi ya vifaa. Atahesabu mifuko ya saruji kwa bidii isiyo ya kawaida.

Fedha ndiyo mahali ambapo imani huvunjika na kuchukua miaka kurudi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 michango ya shule ni ya hiari. Hayo yaliwaondolea watu mzigo, na pia yaliwaondolea viongozi fimbo. Sasa mchango unapatikana kwa makubaliano, na makubaliano yanategemea kumbukumbu. Utamsikia mzee akisimama mkutanoni: “Ile ya mwaka juzi ilikwenda wapi?” Kama mtendaji wa wakati ule alihamishwa na daftari halionekani, mjadala umekwisha. Stakabadhi kwa kila mchango, hata wa shilingi elfu mbili; taarifa ya mapato na matumizi kubandikwa kwenye ubao na kusomwa kila robo mwaka kwa lugha ambayo bibi anaielewa, ikibidi Kigogo au Kirangi; nakala moja ya daftari kwa mjumbe asiye mtendaji. Mambo haya si mageni. Ni yale yale ya sanduku lenye kufuli tatu.

Pana utata mwingine ambao viongozi hupenda kuukwepa. Katika kijiji hicho hicho, kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zinaweza kuwa zinalipwa ujira kuchimba lambo kupitia ajira za muda, huku jirani akiambiwa abebe mawe ya darasa bure. Zote ni kazi za kijiji. Usipoeleza mapema kwa nini huyu analipwa na huyu halipwi, nani aliingizwa kwenye orodha na kwa vigezo gani, atakayebeba mawe atajiona amepunjwa. Ufafanuzi wa nusu saa hapo una thamani kuliko hotuba ya uzalendo.

Na faini? Vijiji vingi hutoza asiyefika kazini kuku, au fedha, au hata mbuzi. Ikiwa hakuna sheria ndogo iliyojadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, faini hiyo haina miguu ya kisheria, na mtu jasiri akienda kulalamika wilayani kijiji kitaaibika. Sheria ndogo inachukua muda, lakini mchakato wake una faida isiyoandikwa popote: unawalazimisha watu kukubaliana mapema adhabu ya haki ni ipi, kabla hasira hazijapanda.

Mkoa huu unajua vizuri tofauti ya amri na makubaliano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kuponya ardhi ya Kondoa iliyokuwa imechimbika makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililoharibika zaidi. Tuwe wakweli: ardhi ilipona. Majani yalirudi, miti ikaota, na baadaye wakulima wakaanza kufuga ng'ombe wa zizini. Lakini wafugaji walihamisha mifugo na matatizo yao kwenda kwingine, na uzio wa amri unahitaji mlinzi kila siku. Mlinzi analipwa na mradi, na mradi una mwisho.

Linganisha na Kisiki Hai, njia ya kurudisha miti shambani inayohamasishwa mkoani hapa na mashirika ya LEAD Foundation ya Mpwapwa na Justdiggit. Hakuna miche ya kununua. Shambani mna visiki vya miti iliyokatwa zamani ambavyo mizizi yake bado ina uhai. Mkulima anachagua chipukizi chache zilizonyooka, anapogoa nyingine, anafunga kitambaa ili wote waone kwamba mti huu umechaguliwa, na anautunza. Kisu, kitambaa, basi. Kazi ya mtu mmoja, haina haja ya bajeti wala muhtasari.

Ila angalia kinachofuata baada ya mavuno. Kwa desturi, mashamba yakishavunwa mifugo huingia kula mabua, shamba la yeyote. Mbuzi hajui maana ya kitambaa. Kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuanza, lakini hawezi kumaliza bila jirani mwenye mbuzi, na hawezi kumlazimisha. Vijiji vinavyofanikiwa hapo ni vile ambavyo wafugaji waliitwa kabla, wakaulizwa njia ya kunyweshea ipite wapi na mbuzi wachungwe wapi Agosti na Septemba, wakapewa kitu badala ya kunyang'anywa tu. Mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao sheria ya mwaka 2007 inaupa kijiji, unaweza kuyaandika makubaliano hayo yakawa na nguvu. Ukitangulia kuchora ramani kabla ya kuzungumza na mwenye mbuzi, utapata ramani nzuri na mbuzi shambani.

Mradi ukishakamilika, watu hudhani safari imekwisha. Maji yanaonyesha kinyume chake. Tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianzishwe kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Pampu inaharibika siku moja bila taarifa, na siku hiyo ndipo hujulikana kama zile shilingi za kila ndoo ziliwekwa au zililiwa. Swali la nani atatengeneza linapaswa kuulizwa kwenye mkutano ule ule wa kuomba kisima, wakati watu bado wana kiu na wako tayari kukubaliana.

Neno kwa wazaliwa wa vijiji wanaoishi mijini, maana makundi yao ya WhatsApp yana nguvu siku hizi. Msitume saruji kwanza. Nia ni njema, lakini saruji ikifika kabla msingi haujachimbwa inawekwa stoo ya shule, masika yanaingia, na mifuko inaganda ikawa mawe ya kukalia. Ulizeni kwanza ukurasa wa daftari: nani ameahidi nini, na nani amekwisha kuleta. Mawe yakiwa eneo la ujenzi, tumeni. Kama hayapo, fedha yenu ya kwanza iende kwenye dizeli ya lile trekta, ambayo ni ndogo na hakuna mfadhili anayeitaja kwenye maombi yake.

Na kwa kijiji kinachotaka kuanza mwaka huu: karatasi mbili zitenganishwe mkutano wa Juni, alizeti ikiwa inaingia; mawe na mchanga Julai na Agosti; taarifa isomwe Septemba, kitongoji kwa kitongoji, kilicholetwa na kilichobaki. Ikifika Novemba msiitishe kazi yoyote. Watu watakuwa shambani.